Dire Straits: njaa haikuwavunja, ni shibe njo iliwavunja

Kama kuna orkestra yenye ilipata jina kufuatana na mfuko wake, ni ile ya Waingereza wanne wa Deptford, upande wa kusini wa mji wa London. Mwaka wa 1977 walikuwa wanaishi na kupiga muziki pasipo franga. Rafiki yao mmoja akaangalia ile hali, akawapa jina: Dire Straits. Kwa Kiswahili chetu tungesema: watu wenye kukwama, watu wa shida. Jina lilianza kama mchezo, lakini wao wakaliweka.

Miaka nane tu nyuma yake, wale watu wa shida walikuwa wanauza albamu kwa mamilioni, wanajaza viwanja, na redio za dunia nzima zilikuwa zinawapiga asubuhi na jioni. Na miaka kumi na tano nyuma ya ile nyumba ya Deptford, wakapiga konseri yao ya mwisho, wakarudi nyumbani. Hakuna mtu alikuwa amewafukuza. Watu walikuwa wanataka kuwasikia bado.

Juu ya nini basi waliacha? Wapenzi wasomaji, leo tunawaletea hadithi yao tangu mwanzo, kwa sababu iko na fundisho kwa kila mtu mwenye anafanya kazi pamoja na ndugu zake.

Mwandishi wa gazeti, mdogo wake na mwenye kukaa naye

Mark Knopfler alizaliwa Glasgow, kule Scotland, mwaka wa 1949. Baba yake alikuwa Muyahudi wa Hungaria, fundi wa kuchora majengo, mwenye alikimbia nchi yake mwaka wa 1939 kwa ajili ya Wanazi. Mama yake alikuwa Mwingereza. Mark alikuwa bado mtoto wakati jamaa ilihamia Blyth, karibu na Newcastle, upande wa kaskazini ya Uingereza. Ni fasi ya bandari na makaa ya mawe. Sisi watu wa Katanga tunajua vile watoto wanakomaa katika miji ya namna ile: sauti ya kazi haikosi masikioni.

Kama vijana wengi wa wakati ule, Mark alitamani gitare nyekundu kama ile ya Hank Marvin, mpigaji wa The Shadows. Ile gitare ilikuwa ya bei kali. Baba yake akamnunulia ingine ya bei ndogo, na kijana akajifunza na ile ile.

Mbele ya kuwa vedeti, alikuwa mwenzetu: alifanya kazi ya uandishi wa habari katika gazeti moja la mji wa Leeds. Kiisha akaingia univerisite pale pale Leeds, akasoma lugha ya Kiingereza, akamaliza mwaka wa 1973. Akawa mwalimu katika shule moja ya Essex, karibu na London. Mchana anafundisha, usiku anapiga gitare katika mabaa. Hii kazi mbili ilimpa kitu kimoja: jicho la kuangalia watu. Utaona zaidi mbele vile nyimbo zake kubwa zilitoka katika maneno ya watu wadogo wadogo wenye alisikia.

Mdogo wake David, naye mpigaji wa gitare, alikuwa anakaa Deptford katika nyumba za serikali ya mji, na alikuwa anafanya kazi ya kusaidia jamaa zenye matatizo. Alikuwa anakaa pamoja na John Illsley, mwanafunzi mwenye alikuwa anapiga gitare ya besi. Illsley ameeleza kwamba asubuhi moja alitoka chumbani, akakuta mtu amelala chini, gitare iko naye. Alikuwa ni Mark, yaya wa David. Ni vile walijuana.

Mtu wa ine alikuwa Pick Withers, mpiga ngoma mwenye alikuwa amekwisha kuzoea studio. Yeye hakupiga kwa nguvu. Alikuwa anaacha nafasi, na katika ile nafasi gitare ya Mark ilikuwa inasema.

Pauni 120 na redio moja

Katika mwezi wa saba 1977 walikusanya pauni 120, wakaingia studio ndogo ya London yenye kuitwa Pathway, wakarekodi nyimbo tano. Wakapeleka ile kaseti kwa Charlie Gillett, mtangazaji wa BBC Radio London. Walikuwa wanataka tu awape shauri. Yeye akaisikiliza, akapenda wimbo mmoja, Sultans of Swing, akaupiga kwenye redio. Watu wa makampuni ya disiki walikuwa wanasikiliza ile emisio kila juma. Haikukawia, kampuni ya Phonogram ikawapa mkataba.

Tuache kidogo jina la Gillett hapa, kwa sababu mtu huyu anatuhusu. Katika miaka yenye ilifuata akawa mmoja wa watangazaji wakubwa wa Uingereza wenye walipiga muziki wa Afrika kwenye redio, mpaka alipokufa mwaka wa 2010. Sikio lenye lilisikia Dire Straits pale kila mtu alikuwa anakimbilia kelele, njo sikio lile lile lenye lilisikia sisi pia.

Maana ile 1977 ilikuwa wakati wa punk. Vijana wa London walikuwa wanapenda muziki wa mbio, wa kupiga kelele, wa kukasirika. Dire Straits wakatokea na sauti ya chini, gitare safi, maneno ya kueleza hadithi. Haikuwa mtindo wa wakati ule hata kidogo.

Na wimbo wenyewe ulitoka wapi? Usiku mmoja Mark aliingia katika baa moja yenye watu wachache kabisa. Pembeni kulikuwa orkestra ndogo ya jazz, wazee wenye nguo za kila siku. Walipomaliza, kiongozi wao akaaga watu akisema kwamba wao ni masultani wa ule muziki. Masultani, mbele ya viti vitupu! Mark akacheka, lakini pia akawaheshimu, juu walikuwa wanapiga kwa upendo. Akatunga wimbo na gitare ya chuma, lakini ukabaki baridi. Ni siku yenye alinunua gitare yake ya kwanza ya Stratocaster njo wimbo uliamka.

Vidole pasipo kipande

Tuseme kidogo juu ya mkono wake, kwa sababu wapigaji gitare wengi wanatuuliza. Karibu wapigaji wote wa roki wanashika kipande kidogo cha plastiki kwa kugusa nyuzi. Knopfler anapiga na vidole: kidole gumba, cha kwanza na cha pili. Tena, yeye ni mtu wa mkono wa kushoto, lakini anashika gitare kama mtu wa kuume. Kwa vile mkono wake wenye nguvu uko kwenye shingo ya gitare, na vidole vya mkono mwingine vinavuta nyuzi moja moja, sauti inatoka kama mtu anaongea.

Msomaji wa Likasi ao Lubumbashi hawezi kushangaa. Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Katanga, alikuwa anapiga na kidole gumba na kidole cha kwanza tu, na ilionekana kama watu wawili wanapiga. Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952 kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Hatusemi kwamba Mwingereza huyu alijifunza kwake. Tunasema tu kwamba sikio letu lilikuwa limekwisha kutayarishwa: sisi tulijua zamani kwamba vidole vitupu vinatosha.

Kupanda

Albamu ya kwanza, yenye jina la orkestra yenyewe, ilirekodiwa mwanzo wa 1978 kwa pauni 12.500 tu, ikatoka mwaka ule ule. Kwao Uingereza haikupokelewa sana pale pale. Ilianza kushika katika nchi zingine, kisha Marekani, na mwaka wa 1979 Sultans of Swing ikafika namba 4 kule Marekani na namba 8 Uingereza. Albamu ya pili, Communiqué, ikatoka mwaka ule ule. Walienda kuirekodi kwenye visiwa vya Bahamas. Bob Dylan naye akawasikia, akawaita Mark na Pick Withers kumsaidia katika albamu yake Slow Train Coming. Fikiri: miaka miwili mbele, mmoja alikuwa mwalimu wa shule.

Lakini pale njia ilipofunguka, nyumba ikaanza kupasuka.

Yaya na mdogo wake

Mwaka wa 1980 walikuwa New York, wanarekodi albamu ya tatu, Making Movies. Mark alikuwa anatunga nyimbo zote, anaimba zote, anapiga gitare ya mbele. David alikuwa anapiga gitare ya kusindikiza. Yeye pia alikuwa anatunga, lakini katika orkestra hakukuwa nafasi ya nyimbo zake. Ukiwa mdogo wa kiongozi, kila neno lenye anakuambia juu ya kazi linaingia kama neno la nyumbani. Wakagombana pale studio. David akaacha, akarudi kwao. Gitare yenye alikuwa amekwisha kupiga wakaifuta, Mark akaipiga upya.

Albamu ilikuwa nzuri sana. Romeo and Juliet iko ndani, na Tunnel of Love, wimbo wenye unakumbusha mahali pa michezo pa utoto wa Mark karibu na Newcastle. Watu wenye walinunua hawakujua kwamba ndani ya ile muziki tamu, undugu ulikuwa umekatika.

Wengine wakaingia, kati yao Alan Clark kwenye piano na Hal Lindes kwenye gitare. Mwaka wa 1982 wakatoa Love Over Gold, nyimbo tano tu, lakini mmoja wao, Telegraph Road, unapita dakika 14. Unaeleza mji wenye unazaliwa kando ya barabara, unakua, unapata viwanda, kiisha kazi inakwisha na watu wanabaki mikono mitupu. Kila mtu mwenye alikaa karibu na kampuni kubwa ya mgodi anafahamu ile hadithi pasipo kutafsiriwa. Mwisho wa kazi ile, Pick Withers naye akaacha. Kati ya wale wanne wa Deptford, wakabaki wawili: Mark na Illsley.

Mwaka wa 1985

Albamu yenye ilibadilisha yote ilirekodiwa kwa sehemu kubwa Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibi. Ikatoka katika mwezi wa tano 1985. Jina lake, Brothers in Arms, maana yake ni ndugu wa vita, watu wenye kubeba silaha pamoja. Wimbo wenyewe ulitungwa wakati wa vita vya visiwa vya Falkland, mwaka wa 1982, kati ya Uingereza na Argentina. Ni askari mwenye anakufa, anaongea na wenzake wenye hawakumwacha. Na wewe msomaji ujiulize: mtu mwenye alitunga wimbo mzuri namna hii juu ya undugu, ndugu yake mwenyewe alikuwa ameacha orkestra miaka mitano mbele.

Wimbo mwingine, Money for Nothing, ulitoka katika magazini moja ya New York yenye kuuza vyombo vya nyumbani. Mfanyakazi mmoja alikuwa anabeba vyombo, na kwenye televisheni nyingi zenye zilikuwa ukutani wanamuziki walikuwa wanaonekana. Akaanza kulalamika: wale wanapata franga pasipo kutoka jasho, na sisi tunabeba mizigo! Mark akaomba kalamu na karatasi, akakaa pale pale, akaandika. Wimbo ukafika namba 1 Marekani kwa juma tatu. Yule mbeba mizigo alisema wanamuziki wanapata franga ya bure, na maneno yake yakazidi kumtajirisha mwanamuziki.

Albamu ilitoka pale CD ilikuwa kitu kipya. Ilirekodiwa kwa mashine za dijitali, sauti yake ilikuwa safi, na watu wenye walinunua mashine ya CD walitaka ile albamu kwa kuijaribu. Ikawa albamu ya kwanza kuuza CD milioni moja. Kwa jumla imepita milioni 30 dunia nzima. Huku kwetu wengi walioijua waliijua kwa kaseti, mara nyingi kaseti ya kunakiliwa, lakini wimbo ulikuwa ule ule.

Safari yao ya 1985 na 1986 ilikuwa na konseri karibu 250. Tarehe 13 mwezi wa saba 1985 walipiga Live Aid kwenye uwanja wa Wembley, kwa ajili ya watu wenye njaa wa Ethiopia. Walipomaliza, wakavuka tu, wakaingia katika nyumba kubwa ya konseri kando ya uwanja, kwa sababu jioni ile ile walikuwa na konseri yao. Mwaka wa 1988 wakarudi Wembley kwa siku kuu ya miaka 70 ya Nelson Mandela, mwenye alikuwa bado gerezani. Eric Clapton alisimama kando ya Mark kama mpigaji wa pili.

Kushuka kwa mapenzi

Nyuma ya ile siku, mwezi wa kenda 1988, Mark akasema orkestra imekwisha. Aliona mambo yamekuwa makubwa kupita kiasi. Mtu mwenye alianza katika baa, mbele ya watu ishirini, sasa alikuwa na magari makubwa, mafundi, wafanyakazi wengi wenye kutegemea kwamba yeye atapiga kesho. Akaenda kupiga na marafiki muziki wa chini chini, katika kikundi kidogo chenye jina The Notting Hillbillies.

Wakarudi mara moja tena. Albamu On Every Street ikatoka mwaka wa 1991, na safari ikaanza Dublin katika mwezi wa nane. Ilidumu zaidi ya mwaka mmoja. Illsley mwenyewe ameeleza kwamba ile safari iliwachosha mwili na roho, na kwamba watu na ndoa ziliumia. Tarehe 9 mwezi wa kumi 1992, Zaragoza, kule Uispania, wakapiga konseri ya mwisho. Hawakusema kwaheri kwa watu. Walizima tu vyombo. Mwaka wa 1995 mambo ya orkestra yakafungwa kabisa.

Tangu pale, watu wameomba, makampuni yameweka mezani mali nyingi, na Mark anakataa kila mara. Amefanya albamu zake mwenyewe, moja nyuma ya ingine, na ile ya mwaka wa 2024 inaitwa One Deep River. Katika mwezi wa kwanza wa mwaka ule aliuza gitare zake zaidi ya 120 kwa mnada London. Zikaleta zaidi ya pauni milioni 8, na robo ya ile franga ikaenda kwa kazi za huruma. Mtoto wa Blyth mwenye baba yake hakuweza kununua ile gitare ya bei kali!

Siku yenye ndugu hawakufika

Mwaka wa 2018 Wamarekani waliwaita Cleveland, katika nyumba ya heshima ya roki. Ni desturi pale vedeti mwingine anasimama kusifu orkestra, kisha wenyewe wanapanda na kupiga. Kwa Dire Straits hakuna mtu alisimama kwa ajili yao. Mark hakufika. David hakufika. Wakafika Illsley, Alan Clark na Guy Fletcher, mpiga kinanda wa miaka ya nyuma. Ikawa Illsley mwenyewe, mpiga besi wa Deptford, njo alisimama mbele ya watu na kusifu orkestra yake.

Tunafikiri ile picha inaeleza yote. Albamu zaidi ya milioni 100 zinahesabiwa kuwa zimeuzwa, na siku ya heshima yaya na mdogo wake hakuna mmoja kwenye meza.

Sisi watu wa Kongo hatuna haki ya kuwacheka. Orkestra zetu zimepasuka mara ngapi? Zaïko ilizaa orkestra ngapi? Wenge Musica ilivunjika mwaka wa 1997, na washabiki wakagawanyika mpaka ndani ya nyumba moja. Iliomba miaka 25 mbele ya JB Mpiana na Werrason kusimama tena pamoja jukwaani, mwaka wa 2022, kule Kinshasa. Ni mara haba mkate mdogo unavunja orkestra. Wakati iko kipande kimoja, watu wanagawana. Mkate mkubwa njo unaleta maswali: nani alitunga, nani ni kiongozi, jina ni la nani.

Waswahili wa zamani walisema: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Wale wa Deptford walivumilia njaa pamoja, na njaa ikawapa hata jina. Shibe ilipokuja, ndugu akatoka wa kwanza, kisha rafiki, mwisho furaha yenyewe. Mark Knopfler aliona ile hatari, akaacha wakati watu walikuwa wanamtaka bado, na kwa ile tunamheshimu. Lakini kuacha kazi ni jambo moja, kurudisha ndugu ni jambo lingine. Vijana wetu wenye wanaanza orkestra leo, na gitare moja kwa watu watatu, waandike mapema nani ni mwenye nini, na kila mmoja apewe nafasi ya wimbo wake mbele franga haijafika. Ikikwisha kufika, hakuna tena mwenye anasikiliza.